Uyoga wa Vifungo na Joto la Mbagala

Ndugu wasikilizaji, juma hili napenda tuzungumze juu ya uyoga. Najua wapo watakaosema: pamoja na mambo yote yaliyotujaa hapa mjini, maji, usafiri, kodi za nyumba na ada za watoto, bwana huyu kaona azungumzie uyoga! Naomba mnivumilie. Ninayotaka kuyasema yanahusu fedha ya mtu wa kipato cha chini, na yanahusu elimu. Na yote mawili nimeyaona yakiwa ndani ya chupa moja.

Jioni moja mama mmoja jirani yetu hapa Mbagala alibisha hodi nyumbani kwangu. Ni mtu mzima, anauza chai na maandazi asubuhi pale njiani, nami humwamkia shikamoo kila ninapopita. Alikuwa ameficha kitu ndani ya khanga. Alipokwisha kukaa akakitoa. Ilikuwa chupa ya kioo iliyozibwa kwa pamba, na ndani yake kiasi cha nusu kilo ya punje za mtama. Punje za juu zilikuwa zimeshikana, nyeupe kama zimefunikwa na pamba. Za chini zilikuwa zimegeuka manjano na kutoa majimaji.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe unasema redioni, huwezi kukosa kulijua hili. Hii ni mbegu ya uyoga. Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu ya upatu, nikaenda semina, nikanunua chupa nne. Wamesema ni ule uyoga wa vifungo unaoliwa kwenye mahoteli. Nimeziweka juu ya kabati wiki mbili natafuta mbolea. Sasa hii inanuka. Ndiyo imeiva, au ndiyo imeoza?"

Nilivuta pumzi kwanza. Nikamwambia, "Mama, imeoza. Na hata ingekuwa nzima, uyoga huo usingeota chumbani kwako."

Nilijua ninachokisema kwa sababu miaka kadhaa iliyopita nami niliuziwa mbegu kama hiyo. Nilipanga chumba cha uani kule Tegeta, nikakijaza mboji, nikaweka na feni. Utando mweupe ulitambaa kwa siku chache nikafurahi. Kisha chumba kikapata joto, mboji yenyewe ikapata joto kuliko chumba, na baada ya wiki mbili mavuno yangu yalikuwa nzi wadogo na harufu iliyonigombanisha na wapangaji wenzangu. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma, wakati fedha imekwisha kwenda. Ninayowaeleza leo ndiyo niliyopaswa kuyajua kabla ya kufungua mkoba.

Tuanze na ile chupa. Ndani yake mna nini?

Uyoga hauna punje za mbegu kama mahindi au kunde. Ukilaza kofia ya uyoga uliokomaa juu ya karatasi usiku kucha, asubuhi utakuta vumbi laini limechora mistari kama miale ya jua. Vumbi hilo ndilo mbegu yake ya asili, na uyoga mmoja hutoa chembe zake mamilioni kwa mamilioni. Lakini mkulima hawezi kupanda vumbi akategemea mavuno, kwa maana halioti kwa uhakika, na likiota halifuati lazima tabia ya mzazi. Kwa hiyo wataalamu huchukua kipande kidogo cha nyama ya uyoga ulio bora, wakakikuza katika chakula kilichouliwa vijidudu vyote, mpaka kikatoa nyuzi nyembamba nyeupe. Nyuzi hizo ndizo mmea wenyewe, kama ukipenda kuuita mmea. Kile tunachokipika ni tunda tu, kama embe lilivyo kwa mwembe.

Sasa nyuzi hizo zinahitaji chombo cha kuzisafirisha na chakula cha njiani. Hapo ndipo nafaka inapoingia. Mtama au ngano huchemshwa hadi punje zilainike bila kupasuka, huchujwa zikakauka juu, huchanganywa na chokaa kidogo na jasi ili zisigandamane, hutiwa katika chupa na kuzibwa kwa pamba. Chupa hizo huingizwa katika chungu cha mvuke chenye mgandamizo, kwenye nyuzi joto 121 za Sentigredi, kwa muda wa saa moja au zaidi. Zikipoa, mtaalamu aliye safi, katika chumba kilicho safi, hutia kipande cha zile nyuzi. Baada ya wiki mbili au tatu kila punje inakuwa imevikwa nyeupe. Ukiipanda, kila punje huwa kituo, na utando hutambaa kutoka vituo mamia kwa wakati mmoja, ukaiwahi mboji kabla ukungu mwingine haujaiwahi.

Ujuzi huu haukushuka kwa siku moja. Wafaransa walilima uyoga wa vifungo juu ya samadi ya farasi tangu karne ya 17, baadaye wakauingiza katika machimbo ya mawe yaliyoachwa chini ya jiji la Paris, ambako kuna ubaridi mwaka mzima. Kwa muda mrefu mbegu yao ilikuwa vipande vya samadi ya zamani yenye utando, pamoja na magonjwa yake yote. Mwaka 1894 watafiti wa Taasisi ya Pasteur huko Paris walifanikiwa kuotesha mbegu safi kutokana na lile vumbi. Mwaka 1932 Mmarekani James Sinden, wa chuo cha jimbo la Pennsylvania, akapewa haki ya uvumbuzi kwa njia ya kukuzia mbegu katika nafaka. Njia hiyo ndiyo inayotumika duniani kote mpaka leo.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, jambo la kwanza la kushika ni kwamba mbegu ya uyoga ni kiumbe hai. Inapumua, inakula ile nafaka iliyomo ndani, na inazeeka. Juu ya kabati, chini ya bati la Mbagala, inapikwa. Mbegu nzima huwa nyeupe kutoka juu hadi chini, haina majimaji, na harufu yake ni harufu ya uyoga. Ukiona kijani, ukiona cheusi, ukiona maji ya manjano yamejikusanya chini, ukisikia harufu ya uchachu, usiinunue. Na kama umekwisha kuinunua, usiipande. Mbegu ya uyoga wa vifungo hutunzwa kwenye jokofu, nyuzi joto 2 hadi 4, na hata humo ina siku zake.

Tuje kwenye jambo la pili: kwa nini uyoga huu unakataa kukaa nasi?

Uyoga wa vifungo ni wa nchi za baridi. Utando wake hutambaa vizuri kwenye nyuzi joto kama 24 hivi. Lakini ili utoe vile vichwa vyeupe, lazima hewa ishuke hadi nyuzi joto 16 au 18 na ibaki hapo usiku na mchana kwa majuma kadhaa. Hapa Dar es Salaam, mwezi wa Februari, hata usiku wa manane mtu analala bila shuka. Julai, ambao ndio msimu wetu wa ubaridi, usiku unaweza kushuka karibu na nyuzi 18 au 19, lakini mchana unapanda tena hadi 28 na zaidi. Isitoshe mboji hujitia joto yenyewe, kwa hiyo kitandani huwa joto zaidi kuliko hewani. Mwenye kiyoyozi kinachofanya kazi saa 24 na jenereta ya kukisaidia anaweza kuulima hata Kariakoo. Sisi wengine tunazungumzia chumba kimoja chenye dirisha moja.

Ndiyo maana wenzetu wa Kenya wanaulima kwenye nyanda zao za juu kuzunguka Nairobi, na kwetu sehemu zinazofaa ni kama Lushoto, Njombe, Mbeya na miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Mtu wa huko akiniuliza, nitamwambia ajaribu. Mtu wa Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju nitamwambia asubiri kwanza.

Na joto ni nusu tu ya shida. Nusu ya pili ni mboji.

Watu wengi wanaposikia "mboji" wanadhani ni ile mbolea ya takataka za jikoni. La hasha. Mboji ya uyoga wa vifungo ni chakula kinachopikwa kwa mpango maalumu. Mabua ya ngano au ya mpunga hulowekwa siku mbili, kisha huchanganywa na samadi ya farasi au ya kuku, pamoja na pumba. Farasi wa Dar es Salaam mnawajua, ni wale wa polisi na wengine wachache, kwa hiyo tunabaki na kuku. Mchanganyiko hurundikwa lundo lenye upana na kimo cha mita moja na nusu. Halifai kuwa dogo, kwa sababu lundo dogo halishiki joto, nalo linatakiwa kufika nyuzi joto 70 katikati. Kila baada ya siku tatu au nne hupinduliwa, cha ndani kije nje na cha nje kiende ndani. Katikati ya safari huongezwa jasi, ambayo kwa bahati njema tunayo, inachimbwa Makanya huko Same; kazi yake ni kuifanya mboji isigande kama tope. Kwa njia ya kienyeji kazi hiyo huchukua wiki tatu hadi nne.

Wakati wote huo lundo hutoa harufu kali ya amonia, ile inayochoma macho. Sasa hebu fikirini uani petu: nyumba moja, wapangaji sita, bomba moja, kamba za nguo, watoto wanacheza, na katikati yake lundo la samadi ya kuku linalofuka moshi kwa wiki nne. Balozi ataitwa kabla ya uyoga kuota.

Mboji ikikomaa haijawa tayari. Lazima ipitishwe kwenye mvuke wa nyuzi joto karibu 60 kwa saa kadhaa kuua minyoo, mayai ya nzi na ukungu mwingine, kisha iachwe siku kadhaa kwenye nyuzi 45 hadi 50, ili vijidudu vyema vimalize amonia iliyobaki. Ukitia mbegu wakati amonia bado inanuka, utando unakufa. Baada ya hapo utando hutambaa kwa wiki mbili. Kisha juu yake hutandazwa udongo uliosafishwa kwa mvuke, unene wa sentimita tatu hadi tano. Bila udongo huo uyoga haukubali kutoka vizuri, kwa kuwa ndio unaotunza unyevu, na ndani yake kuna bakteria wanaousukuma utando utoe matunda. Hesabu wiki nyingine tatu. Yaani tangu siku ya kuloweka mabua hadi kuchuma kichwa cha kwanza, ni zaidi ya miezi miwili.

Nilipomweleza yule mama hayo yote, akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kujiuliza. "Sasa mwanangu, chupa moja inatoa uyoga kiasi gani?"

Tukachukua karatasi. Mbegu ya uyoga wa vifungo hutiwa kidogo sana, kiasi cha kilo 5 hadi 7 kwa tani moja ya mboji. Kwa hiyo chupa yake ya nusu kilo ingehitaji mboji kilo 70 hadi 100, na chupa nne zingehitaji karibu kilo 300 au 400. Mambo yote yakienda vizuri, kilo 100 za mboji hutoa uyoga kilo 15 hadi 20. Ndivyo wauzaji wanavyopata ile namba nzuri wanayoitaja kwenye semina. Wanataja mavuno ya chupa, hawataji mboji, wala mvuke, wala ubaridi. Ni kama mtu akuuzie ufunguo akakuambia ni wa gari.

Mama wa watu alikaa kimya. Kisha akasema, "Kwa hiyo uyoga si wetu sisi." Hapo nikamwambia, "Hapana, mama. Uyoga ni wetu, ila ni wa aina nyingine."

Jambo la tatu basi: uyoga gani unatufaa watu wa pwani?

Upo uyoga ambao wengi wamezoea kuuita mamama. Kofia yake imekaa kama chaza au kama sikio, una rangi nyeupe, kijivu, wakati mwingine waridi. Kwa asili huota kwenye magogo yanayooza, kwa hiyo hauhitaji mboji. Unakula mabua makavu moja kwa moja. Aina zake za nchi za joto hukubali nyuzi joto 20 hadi karibu 30, na hapo ndipo tulipo. Utafiti wake hapa nchini una historia. Marja Härkönen wa Finland na wenzake, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha kazi kubwa juu ya uyoga unaoliwa Tanzania mwaka 1995, na kitabu kingine mwaka 2003. Mwaka 2008 Anthony Mshandete wa chuo hicho hicho na mwenzake wakaeleza jinsi walivyolima aina tatu za uyoga wa porini, mmojawapo akiwa ndugu wa mamama, juu ya taka za mkonge. Uyoga wa kwetu, juu ya taka za kwetu, katika joto la kwetu.

Kazi yake ni hii. Chukua mabua ya mpunga makavu yasiyo na ukungu, au maganda ya mbegu za pamba, au majani makavu ya migomba. Katakata vipande vya sentimita tatu hadi tano. Loweka usiku kucha. Asubuhi yachemshe katika pipa kwa saa mbili hivi, kisha yachuje. Wapo wanaookoa mkaa kwa kuyaloweka usiku kucha katika maji ya chokaa badala ya kuchemsha, nayo ni njia inayokubalika. Shika konzi moja ukamue: yakitoka matone machache, unyevu unatosha; yakitiririka, subiri.

Yakipoa kabisa, nawa mikono kwa sabuni, kisha jaza katika mifuko ya nailoni kwa tabaka: mabua, mbegu, mabua, mbegu. Nusu kilo ya mbegu inatosha mabua yaliyolowa kilo 12 hivi. Funga mdomo, toboa matundu machache, panga mifuko mahali penye giza na ubaridi kiasi. Kwa taarifa, ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea, iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, iliacha nje vifungashio vya kilimo. Lakini ukienda kuuza, usimfungie mteja katika mfuko uliokatazwa.

Baada ya wiki tatu hadi nne mfuko unakuwa mweupe wote. Hapo ufungue, upe mwanga kidogo, hewa na unyevu. Chumba cha bati peke yake hakifai. Banda dogo la makuti chini ya mwembe, sakafu ya mchanga unaomwagiwa maji, na magunia yaliyoloweshwa yakitundikwa pembeni, linashinda chumba cha saruji. Nyunyiza maji hewani na sakafuni mara mbili tatu kwa siku, bila kuvipiga moja kwa moja vile vichwa vichanga. Katika siku chache uyoga hutoka kwa vishada. Chuma kwa kuzungusha, kabla kingo za kofia hazijajikunja juu. Mfuko mmoja hutoa mara tatu au nne, kila mara pungufu kuliko ya kwanza.

Na mavuno? Tufanye hesabu ya kweli. Kilo 12 za mabua yaliyolowa ni kilo 4 tu za mabua makavu. Kila kilo ya mabua makavu hutoa nusu kilo hadi kilo moja ya uyoga mbichi. Kwa hiyo chupa moja ya mbegu itakupa kilo mbili hadi nne, katika muda wa miezi miwili au mitatu. Toa gharama ya mbegu, mabua, mkaa, maji na mifuko. Halafu toa mifuko itakayoharibika, maana itakuwepo. Ukungu wa kijani haupigi hodi. Kinachobaki ndicho chako. Si haba, lakini si nyumba ya ghorofa. Anayekuahidi ghorofa anazungumzia ya kwake.

Kuna tahadhari mbili za afya ambazo semina nyingi hazizitaji. Kwanza, mamama uliokomaa hutoa vumbi jingi jeupe, na mtu anayelivuta kila siku katika chumba kisicho na hewa anaweza kupata kikohozi, homa na kubanwa kifua. Kwa hiyo usiulime chumba cha kulala, usiwalaze watoto nao, vaa barakoa wakati wa kuchuma, na chuma mapema kabla vumbi halijawa jingi. Pili, katika mifuko unaweza kuota uyoga mwingine usioupanda. Usiupike. Ule ule ulioupanda na unaoujua ndio wa kula.

Jambo la nne na la mwisho ni soko, na hapa ndipo wengi tunapozama.

Uyoga mbichi ni maji kwa asilimia 90 hivi. Katika joto letu, uliochumwa asubuhi umenyauka kesho yake. Kwenye jokofu unaweza kukaa siku tano hadi saba. Ukiukausha juani, kilo kumi zinakuwa kilo moja, lakini hiyo moja inadumu miezi. Mahoteli na maduka makubwa yanataka kiasi kilekile kila wiki, mvua au jua, na hulipa baadaye. Mtu mwenye mifuko kumi hawezi kuwahudumia. Uyoga wa vifungo wanaoutumia nao mwingi hutoka kwenye makopo ya ng'ambo, na China ndiyo inayoongoza duniani kwa kulima uyoga. Mshindani wako si jirani, ni meli.

Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi, ndugu yangu, uliza maswali haya. Ni uyoga wa aina gani, na unataka nyuzi joto ngapi? Mbegu imetengenezwa tarehe ngapi, na maabara gani? Chupa moja inahitaji mabua au mboji kilo ngapi? Banda la mwalimu mwenyewe liko wapi, nikalione likiwa na uyoga ndani? Je, ananunua mazao yangu kwa mkataba wa maandishi, au ni maneno ya semina? Bwana shamba wa kata naye anasemaje? Mtu mwenye elimu ya kweli hukasirishwa na swali mara chache sana. Mwenye haraka ya kupokea fedha ndiye hukasirika.

Nayasema haya kwa sababu mji wetu umeona mengi. Tumeona kuku wa mayai katika miaka ya tisini, tumeona sungura, na miaka ya 2013 na 2014 ilikuwa zamu ya kware. Kila mara waliotajirika mapema ni wale waliouza vifaranga. Mnyama hakuwa na kosa, wala uyoga hauna kosa. Kosa ni kuuziana mbegu bila kuuziana maarifa, na anayelipa ni yule aliyekusanya shilingi mia mia kwenye sahani ya maandazi.

Pengine mnataka kujua yule mama aliishia wapi. Zile chupa nne hakurudishiwa fedha yake. Simu aliyopewa ilipokewa mara moja, kisha ikawa haipatikani. Zamu ya upatu iliyofuata alitenga sehemu ndogo tu, akanunua mbegu ya mamama baada ya kwenda mwenyewe kuliona banda la muuzaji. Alianza na mifuko kumi na miwili nyuma ya nyumba, chini ya makuti. Mitatu ikageuka kijani, akaitupa mbali. Tisa ikazaa.

Majirani hawakununua. "Huo si wa sumu?" walimwuliza. Yeye akafanya jambo ambalo hakuna semina iliyomfundisha: akaukaanga kwa kitunguu na nyanya, akautia ndani ya chapati, akauweka mezani pale anapouzia chai. Vijana wa bodaboda wakaonja kwanza, na wengine wakawafuata. Siku hizi uyoga wake haufiki sokoni, unaishia kwenye chapati.

Hajajenga nyumba. Juzi nilimwuliza kama amekwisha kuirudisha ile fedha ya chupa nne, akacheka kidogo, akasema, "Bado, mwanangu. Lakini safari hii najua ninachokihesabu." Chupa moja tupu ameihifadhi pale kabatini. Nilipomwuliza ya nini, akasema anatilia chumvi.

Kwa leo naishia hapo. Panapo majaaliwa, tukutane juma lijalo.